Migodi Hufungwa, Akina Mama Hubaki: Madini ya Kanda ya Ziwa na Safari Yetu ya Kufika Nyegezi



Kamati ya maadhimisho iliponiita, nilidhani wanataka niandike siku tuliyoanza, hisa ya kwanza ilikuwa shilingi ngapi na nani alishika funguo za sanduku. Kumbe hayo Katibu ameshayaandika, tena vizuri. Mimi nimepewa kazi nyingine: kueleza tulikuwa wapi kabla ya kukutana hapa Nyegezi. Nikachukua daftari la wanachama, nikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza. Jibu likawa lile lile kwa zaidi ya nusu yetu. Mmoja baba yake alifanya kazi Mwadui. Mwingine aliolewa Katoro. Mwingine aliponda mawe Nyarugusu miaka minane. Mwingine mume alikwenda Kahama "mara moja tu" na mpaka leo hajarudi.

Nani atashangaa? Simama stendi ya Nyegezi alfajiri usikilize wapiga debe: Geita! Katoro! Kahama! Shinyanga! Sisi tunauza uji na maandazi kwa watu wanaokwenda na kurudi migodini. Kwa hiyo historia ya madini ya kanda hii ni historia yetu sisi, ingawa vitabuni huandikwa kama mambo ya wanaume, kampuni na Serikali. Nitaieleza kwa ufupi, halafu nitasema kwa nini inatuhusu sisi wenye daftari na sanduku.

DHAHABU YA GEITA, ZAMANI

Watoto wetu wanafikiri dhahabu ya Geita imegunduliwa juzi na makampuni. Sivyo. Wajerumani waliiona mwaka 1898. Mwaka 1909 walianza mgodi wa Sekenke, kule Iramba, Singida. Geita yenyewe ilikuja kuchimbwa kwa nguvu wakati wa Waingereza. Mgodi ule ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, na kwa miaka hiyo 30 ndio ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote Afrika Mashariki. Ilitoka karibu wakia milioni moja, yaani kama tani 31 hivi. Wakati huo Geita ilikuwa sehemu ya Mwanza, na ilibaki wilaya yetu mpaka ilipopata mkoa wake mwaka 2012.

Tani 31 za dhahabu si mchezo. Lakini mgodi ulipofungwa mwaka 1966, walioufanyia kazi walirudi kwenye pamba na mihogo kama walivyotoka. Yalibaki mashimo na vilima vya mchanga uliokwisha kuoshwa.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sehemu ya jibu ni namna mishahara ilivyopangwa enzi za ukoloni, si Geita tu bali kwenye migodi na mashamba makubwa ya mkonge pia. Mfanyakazi alilipwa kama mtu asiye na familia. Alipewa pahala pa kulala na posho ya chakula, na fedha kidogo za kodi ya kichwa na nguo. Mke na watoto wale nini? Hilo halikuwa kwenye hesabu ya mwajiri. Ilidhaniwa kwamba kule nyumbani kuna shamba, na shambani kuna mwanamke. Kwa maneno mengine, yule mama aliyekuwa akilima mtama Usukumani alikuwa akisaidia kulipa mshahara wa mgodini bila kujua na bila kuandikwa popote.

Bibi yetu aliye mkubwa kuliko wanachama wote aliniambia hivi: "Baba alikuwa akija na blanketi na sukari. Tukimwona tunafurahi sana. Lakini chakula, mjukuu wangu, chakula kilikuwa cha mama mwaka mzima." Sina la kuongeza.

UZIO WA MWADUI

Mwaka 1940 Mkanada mmoja, mtaalamu wa miamba aitwaye John Williamson, alipata almasi Mwadui, Shinyanga. Mgodi ukawa maarufu duniani. Mwaka 1947, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, Williamson alimzawadia almasi ya rangi ya waridi iliyotoka Mwadui. Williamson alifariki mwaka 1958. Baada yake mgodi ukawa wa ubia wa nusu kwa nusu kati ya kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, halafu ukapitia mikono mbalimbali mpaka leo.

Mwadui ilikuwa mji ndani ya uzio. Ndani kulikuwa na umeme, hospitali, shule na maji ya bomba. Nje ya uzio kulikuwa na vumbi. Mwanachama wetu aliyezaliwa ndani anasema utoto wake ulikuwa mzuri kweli kweli, na sitaki kumkatalia. Walisoma, walitibiwa, walicheza mpira. Ila nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ya baba ilipokwisha, na nyumba ikaisha siku hiyo hiyo. Mama yake, aliyeishi mle miaka mingi, alitoka na masufuria na vitanda. Hakuwa na kiwanja wala shamba, kwa sababu aliyekuwa ameandikwa kwa kampuni ni mume peke yake.

Na walioishi nje ya uzio? Wengi waliingia usiku kutafuta mawe kwenye kifusi, wakakutana na walinzi. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi za mgodi, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai yaliyopelekwa Uingereza na wananchi 71 waliosema waliumizwa au ndugu zao waliuawa katika ulinzi wa mgodi. Ililipa bila kukiri kwamba inawajibika kisheria. Halafu tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka. Tope likaenda mpaka kwenye nyumba na mashamba ya wananchi. Shamba lililofunikwa na tope la mgodi halilimiki msimu unaofuata, na mwenye jembe analijua hilo kuliko mwenye kalamu.

MIAKA YA RASHI

Miaka ya 1980 hali ilikuwa ngumu, wakubwa mnaikumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, pamba hailipi. Mwaka 1987 Serikali ililegeza masharti, wananchi wakaruhusiwa kuchimba na kuuza madini. Mwaka 1990 Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu kwa bei nzuri bila maswali mengi. Basi, ikawa rashi. Kila aliyekuwa na sururu akaenda. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wachimbaji wadogo nchini walikadiriwa kupita nusu milioni. Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Bulyanhulu: yote yakawa majina ya nyumbani.

Hapa ndipo wengi wetu tulipoingia. Kazi ya maduara ilikuwa na ngazi zake. Mwenye eneo alichukua fungu lake la mawe, mwenye duara fungu lake, kilichobaki wakagawana vijana walioshuka na kamba. Mwanamke hakuruhusiwa kukaribia shimo. Eti akisogea, dhahabu inakimbia. Na akiwa katika siku zake ndiyo kabisa, inakwenda wilaya nyingine! Tulicheka tulipokumbushana haya kwenye kikao, lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Mgawo ulitoka shimoni. Aliyezuiwa shimo alizuiwa mgawo.

Kwa hiyo akina mama walifanya kazi zote zilizozunguka shimo. Waliteka maji. Walipika wali na maharage kwa mkopo, wakilipwa mawe yakipatikana, na yasipopatikana hawakulipwa. Waliponda mawe kwa nyundo wamekaa chini, mtoto mgongoni, wakilipwa kwa debe au kwa kuruhusiwa kuokota vipande vilivyotupwa. Waliosha marudio mwaloni, yaani mchanga ambao wenyewe wameshautoa dhahabu. Ukipata punje mbili tatu, siku imepita.

Na hata hivyo fedha iliyofika nyumbani kwa hakika mara nyingi ilikuwa ile ya mama ntilie. Fedha ya duara ilikuja kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Siku ya kupasua mawe, baa ilijaa. Sisemi kwamba wanaume wote walikuwa wapotevu. Wapo waliojenga, wapo waliosomesha, na nyumba kadhaa za wanachama hapa mtaani zimejengwa kwa tofali zilizotoka Geita. Nasema tu kwamba mtu asiyejua kama kesho shimo litamwangukia hawezi kupanga mambo ya mwakani.

KAMPUNI KUBWA

Bulyanhulu ndipo enzi ya wachimbaji wadogo ilipogongana na enzi ya kampuni. Mwezi Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa ili kupisha kampuni ya Kanada yenye leseni. Yalitolewa madai mazito kwamba kuna watu waliofukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikanusha, na uchunguzi wa ofisi ya malalamiko ya Benki ya Dunia haukupata ushahidi wa kuthibitisha madai hayo, waliodai hawakuridhika. Hilo sitaliamua mimi. Ninachojua ni kwamba waliokuwa wakiuza chakula pale waliondoka na sufuria kichwani, na madeni yao ya wali hayakulipwa, kwani waliowadai walitawanyika kila upande.

Baada ya hapo migodi ikafuatana. Nzega ulifunguliwa mwaka 1998, mwaka ambao pia ilitungwa sheria mpya ya madini. Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002, Buzwagi mwaka 2009. Barabara ziliboreka, shule zilijengwa, vijana wetu wakapata ajira zenye mikataba na viatu vya chuma. Tuwe wakweli, hayo ni mema.

Lakini fidia ilikuwa na mambo yake. Ardhi ikichukuliwa, jina lililoandikwa mara nyingi ni la mume. Hundi ikatoka kwa jina lake. Wapo walioamka asubuhi wakakuta mume, hundi na shamba vyote vimeondoka. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, Geita, ziliondolewa kupisha mgodi, na wengine waliishi kwenye mahema kwa miaka. Na hii ilitokea wakati sheria zipo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wangapi kati yetu tulizijua kabla ya kuanza mafunzo ya kikundi?

Migodi hiyo nayo imeanza kufungwa. Nzega ulidumu kama miaka 15 tu. Buzwagi ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Buzwagi ukifunguliwa, alimaliza kidato cha nne mgodi nao ukiwa unakaribia mwisho wake.

VUMBI NA ZEBAKI

Sasa nifike kwenye jambo linalotugusa zaidi, nalo ni afya.

Jiwe la dhahabu likipondwa kavu hutoa vumbi laini kuliko unga wa muhogo. Vumbi lile likiingia kwenye mapafu halitoki. Linakaa, linatengeneza makovu, na mtu anaanza kukosa pumzi. Mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Ndiyo maana utamwona mtu ametibiwa TB, akapona, akaugua tena, na bado anakohoa. Mwenzetu aliyeponda mawe miaka minane hawezi leo kupanda mlima kutoka ziwani na ndoo bila kupumzika mara tatu. Hana cheti cha kuumia kazini, kwa sababu hakuna siku aliyoajiriwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 ni jambo jema sana, lakini unamlinda aliyeajiriwa na kuandikishwa. Mponda mawe wa kulipwa kwa debe hayumo.

Zebaki ni adui mwingine. Inachanganywa na mchanga ili ishike dhahabu, halafu donge linachomwa zebaki iondoke. Inakwenda wapi? Hewani, na kwenye pua ya anayechoma. Wengi wamechoma kwenye jiko lile lile la kupikia ugali, ndani, mlango umefungwa kwa kuogopa wezi. Moshi wake haunuki wala hauwashi, ndiyo maana watu hawauogopi. Baadaye mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, figo huharibika. Kwa mama mjamzito, sumu humfikia mtoto tumboni.

Haya si maneno ya mtaani. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa ulikuwa na mradi wa zebaki uliofika mpaka Rwamagasa. Wataalamu walipima watu na kukuta wanaochoma dhahabu wana dalili za kudhurika. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya kupima maziwa ya akina mama wa maeneo ya dhahabu katika nchi tatu, Tanzania ikiwemo, na kwa baadhi yao zebaki ilikuwa nyingi. Fikirini, ndugu zangu: maziwa ya mama!

Wajapani walijifunza kwa uchungu. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa rasmi. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Sisi tunaokaa ufukweni na kuuza sangara na dagaa tunapaswa kuujua mkataba huo kama tunavyojua bei ya mafuta ya kukaangia.

WENZETU WA MAKAA YA MAWE

Msije mkadhani haya ni mikosi ya dhahabu na almasi. Makaa ya mawe hayang'ai, lakini habari ni ile ile. Kule kusini tuna mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988. Ulikuwa na umeme wake, nyumba zake na zahanati. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kazi ilisimama, na wafanyakazi wakabaki wakidai malimbikizo yao. Mji uliojengwa juu ya mwajiri mmoja hulala njaa mwajiri akisimama.

Huko Wales, Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Aberfan. Kifusi cha mgodi wa makaa kilirundikwa mlimani juu ya kijiji miaka na miaka. Tarehe 21 Oktoba 1966 mlima ule wa kifusi uliteremka na kufunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walikuwa wameshalalamika kabla, hawakusikilizwa. Niliposikia habari za bwawa la Mwadui mwaka 2022 nilimkumbuka mama wa Aberfan. Tofauti ni kwamba la Mwadui halikukuta shule njiani.

Na mwaka 1984, wachimbaji wa makaa wa Uingereza walipogoma karibu mwaka mzima kupinga kufungwa migodi yao, wake zao walifungua majiko ya pamoja wakalisha maelfu ya familia. Wanaume walishindwa mgomo ule. Migodi ikafungwa. Lakini wale akina mama waliokuwa hawajawahi kusimama mbele ya mkutano walijifunza kuendesha fedha, kuzungumza na kudai. Mnaona? Sufuria ni zile zile, huko na huku.

SIKU 41 ZA NYANGARATA

Kikundi chetu kilikuwa na wiki chache tu. Ilikuwa Oktoba 2015, mwezi wa uchaguzi mkuu, watu wako kwenye kampeni. Tarehe 5 duara lilianguka Nyangarata, Kahama, likafunika wachimbaji. Baada ya siku 41, mwezi Novemba, redio ikatangaza kwamba watano wamekutwa hai chini ya ardhi! Walikuwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu. Nchi nzima ilishangaa.

Sisi tulikuwa kwenye kikao siku habari ilipofika. Furaha ilikuwa kubwa, halafu mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini: "Na wake zao wamekula nini siku 41?" Kikao kikanyamaza. Siku ile ndipo tulipopitisha kwamba mfuko wa jamii usiwe wa misiba tu. Mwanachama ambaye mume, mtoto au ndugu anayemtegemea amepatwa na ajali ya kazini apewe posho ya chakula kila wiki, asisubiri mpaka maiti ipatikane. Tumelipa posho hiyo mara kadhaa katika miaka hii kumi. Januari 2024, watu 22 walipokufa kwa kufukiwa na udongo machimboni wilayani Bariadi wakati wa mvua, tulikumbushana tena sababu ya kifungu kile.

MKOPO TULIOUKATAA

Nitasema na jambo ambalo halikutufurahisha. Mwaka 2019 mwanachama aliomba mkopo wa kununua marudio na zebaki, akaoshee na kuchomea nyumbani. Alikuwa na hisa za kutosha na wadhamini wawili. Kwa katiba yetu alistahili. Baadhi wakasema fedha ni fedha, apewe. Ndipo yule mwenzetu aliyewahi kuchoma dhahabu alipoinuka, akanyoosha mikono mbele yetu. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Hakusema neno, akakaa.

Tulipiga kura, mkopo ukakataliwa. Tukaandika kwenye katiba: tunakopesha biashara ya chakula migodini, ada ya leseni, karasha yenye kuponda kwa maji, hatukopeshi zebaki ya kuchomwa ndani ya nyumba inamokaa watoto. Mwombaji alikasirika, akachukua akiba yake akaondoka. Alisema, "Mnanionea huruma ya afya, ada ya mtoto mtanipa nyinyi?" Swali lake lilikuwa la haki, na hatukuwa na jibu. Kipo chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba kinachonasa moshi ule na kuurudisha kuwa zebaki, kikitumiwa nje ya nyumba. Siku ile hakuna kati yetu aliyekijua. Kama tungekijua, pengine bado angekuwa nasi. Ndiyo maana nasema kuchanga peke yake hakutoshi, lazima na kujifunza.

TUMEPATA SOMO GANI?

Ndugu zangu, nimepitia zaidi ya miaka mia moja kwa haraka, na kila mahali nimekuta jambo moja. Mgodi una siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Aliyeandikwa hupata kitu, asiyeandikwa hupata vumbi. Mke wa mfanyakazi wa Geita ya zamani hakuandikwa. Mama wa Mwadui hakuandikwa. Mponda mawe hakuandikwa. Mwenye shamba lililochukuliwa aliandikwa mumewe.

Daftari letu la shilingi chache chache ni la kwanza ambalo wengi wetu tumeona majina yetu wenyewe na fedha mbele yake. Wapo wanaotucheka kwamba tunahangaika na hisa ndogo wakati ng'ambo ya ziwa dhahabu inatoka kwa kilo. Tuwaache wacheke. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kina funguo tatu.

Kwa hiyo, tunapoanza miaka kumi mingine, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye kiwanja au shamba, awe huku au Geita au Kahama, ahakikishe jina lake limo kwenye hati, peke yake au pamoja na mumewe. Pili, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 migodi inapaswa kila mwaka kupanga pamoja na halmashauri fedha za huduma kwa jamii. Dada zetu walioko kule wahudhurie mikutano hiyo waulize: kipimo cha mapafu kwa waponda mawe kimo? Tatu, tutenge fungu la kununua kile chungu cha kunasia zebaki, tukikopeshe kwa vikundi vya wenzetu walioko mialoni. Na tumtafute yule mwenzetu aliyeondoka mwaka 2019. Tumwambie sasa tunalo la kumjibu.

Siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na kwenda Geita hakuna tena kungoja kivuko. Vijana wetu watakwenda kwa wingi zaidi, na sisi hatutawazuia. Tuwape nauli, tuwape na haya niliyoyaandika. Na wakirudi, wawe wamepata au wamekosa, watatukuta Alhamisi kama kawaida, sanduku mezani, daftari limefunguliwa.